Pikapu Inapochuchumaa: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Kubonyea Nyuma Unapovuta Tela

Ukisimama kando ya barabara ya Chalinze kwenda Segera majira ya jioni, hutakaa sana kabla ya kuiona pikapu iliyochuchumaa nyuma na kuinua pua, tela likiwa limeilalia mkiani na taa zake zikiwachoma macho madereva wanaokuja upande wa pili. Mwenye gari akifika mjini huenda moja kwa moja kwa fundi springi na kumwambia kwamba springi zimechoka, na fundi, ambaye biashara yake ni kuongeza majani (vile vipande bapa vya chuma vinavyopangwa kuwa springi), hana sababu ya kumbishia. Nami nimewahi kuwa mteja wa namna hiyo. Nililipia jani moja zaidi kila upande, gari likanyanyuka, nikafurahi, na safari iliyofuata usukani ukawa mwepesi vilevile, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye upangaji wa mzigo na mimi nilikuwa nimenunua sentimita tu.

Mwongozo huu unahusu pikapu za kubeba tani moja hivi, kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger, zenye springi za majani nyuma na zinazovuta tela la ekseli moja kwa boli, ile tufe ya chuma iliyo nyuma ya gari. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: Hilux ya kabini mbili iliyovuta tela la jenereta, pampu, mabomba na saruji hadi shambani Handeni.

Kinachotokea nyuma ya gari

Boli ya kuvutia haiko juu ya ekseli ya nyuma. Iko nyuma yake kwa zaidi ya mita moja, na umbali huo ndio unaoigeuza pikapu kuwa pembea ambayo mhimili wake ni ekseli ya nyuma: mkia ukikandamizwa, pua hunyanyuka. Kwa hiyo kila kilo inayokaa juu ya boli huiongezea ekseli ya nyuma zaidi ya kilo moja, na ile ziada hutoka kwenye magurudumu ya mbele.

Hesabu yake ni rahisi. Kwenye Hilux ya kabini mbili, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mm 3,085, na kwenye gari langu boli ilikuwa sm 125 nyuma ya kitovu cha gurudumu. Tela, kama lilivyopakiwa siku ya kwanza, lilikuwa linakandamiza boli kwa kg 290. Ukizidisha 290 kwa 1.25 na kugawanya kwa 3.085 unapata takriban kg 118. Hizo ndizo kilo zilizohama kutoka magurudumu ya mbele, na ekseli ya nyuma ikabeba jumla ya kg 408 juu ya ule uzito iliokuwa nao, kabla hatujawahesabu abiria wa viti vya nyuma na sanduku la zana lililokuwa kwenye bodi.

Breki za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, na magurudumu hayohayo ndiyo yanayogeuza. Ukiyapunguzia kilo mia na kitu, gari linachelewa kusimama na usukani unakuwa kama wa mtumbwi. Kubonyea kwa nyuma ni dalili inayoonekana, lakini hatari yenyewe iko mbele, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Usikimbilie, hata hivyo, kuuondoa uzito wote kwenye boli. Uzito huo, ambao hapa nitauita uzito wa mkono (mkono ni ile fito ya mbele ya tela inayokaa juu ya boli), ndio unaolituliza tela lisitikise mkia. Kipimo kinachofuatwa na watu wengi kwa matela ya mizigo yanayovutwa kwa boli ni asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela likiwa limepakiwa. Chini ya hapo tela huanza kuyumba kwenye mwendo, na tela linaloyumba ni baya kuliko pikapu iliyochuchumaa, kwani huweza kuligeuza gari zima kabla dereva hajajua la kufanya.

Hatua ya kwanza: pima urefu kabla hujagusa kitu

Egesha gari mahali tambarare, matairi yakiwa na upepo sahihi na gari likiwa tupu. Chukua futi ya fundi, weka mwanzo wake katikati ya kitovu cha gurudumu na usome hadi kwenye ukingo wa chini wa matigadi, juu yake wima. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne. Wengi hupima kutoka ardhini, jambo ambalo linakubalika, lakini kipimo cha kutoka kwenye kitovu hakidanganywi na tairi lililopungua upepo.

Andika namba hizo mahali ambapo hazitafutika. Mimi niliziandika kwa kalamu ya wino mzito upande wa ndani wa kifuniko cha mafuta. Kisha pakia watu na mizigo ya kwenye bodi, upime tena. Mwisho unganisha tela na upime mara ya tatu. Sasa una safu tatu za namba zinazokueleza ni kiasi gani cha kubonyea kinatokana na bodi na kiasi gani kinatokana na tela, na mara nyingi jibu humshangaza mwenye gari. Kwangu, nyuma ilishuka sm 8 kwa jumla na mbele ikapanda sm 2. Sentimita 3 kati ya zile 8 zilikuwa za bodi peke yake.

Kushuka kidogo nyuma si kosa, kwa kuwa springi imetengenezwa ili ishuke. Cha kuangalia kwa makini ni mbele: ikipanda zaidi ya sentimita moja hivi, magurudumu ya usukani yamepunguziwa mzigo kiasi cha kukutaka uchukue hatua. Angalia pia raba ya kikomo, ile inayokaa kati ya ekseli na chesisi. Ikiwa nafasi iliyobaki haitoshi kupitisha vidole viwili gari likiwa limesimama, basi kwenye tuta la kwanza ekseli itagota chesisi. Na upande mmoja ukishuka kuliko mwingine, tafuta jani lililokatika au mzigo uliopangwa upande.

Hatua ya pili: pima uzito wa mkono

Hapa ndipo wengi wanapokisia, na mkisio wa kunyanyua mkono wa tela kwa mikono miwili na kusema "ni mzito wa kawaida" hauna thamani yoyote. Huhitaji chombo cha gharama. Mizani ya kupimia watu inatosha, ingawa nyingi huishia kg 120 au 150, hivyo tumia ubao kuigawia mzigo.

Tafuta ubao mgumu au kipande cha mbao ya kenchi chenye urefu unaozidi sm 90 kidogo. Weka mwisho mmoja juu ya tofali na mwisho wa pili juu ya mizani, ubao ukiwa sawasawa, na chini ya kila mwisho weka kipande cha nondo ili mguso uwe mahali pamoja panapojulikana. Umbali kati ya nondo hizo mbili uwe sm 90. Soma mizani ikiwa na ubao pekee na uiandike namba hiyo. Kisha shusha mkono wa tela, kwa kutumia jeki na kipande cha bomba kilichosimamishwa wima, ukae juu ya ubao sm 30 kutoka kwenye nondo ya upande wa tofali. Mizani itabeba theluthi moja tu ya uzito. Toa ile namba ya ubao, zidisha kwa 3, na hapo umeupata uzito wa mkono.

Mambo mawili yasisahaulike. Magurudumu ya tela yawekewe mawe mbele na nyuma kabla hujaliachanisha na gari, na kimo cha mkono wakati wa kupima kiwe kilekile cha linapokuwa limeunganishwa, maana tela lililoinama mbele husoma uzito mkubwa kuliko lililo sawa.

Uzito wa tela zima utaupata kwenye mizani ya wauza nafaka au ya vyuma chakavu, au kwa kujumlisha kwa uaminifu. Langu lilikuwa hivi: tela tupu kg 350, jenereta kg 450, pampu na mabomba kg 200, na mifuko 6 ya saruji kg 300. Jumla kg 1,300. Uzito wa mkono uliotakiwa ni kati ya kg 130 na 195, na mimi nilikuwa na kg 290. Nilikuwa nimeisukuma jenereta mbele kabisa hadi ikagusa ukuta wa tela kwa sababu ndivyo ilivyokuwa rahisi kuifunga kamba.

Kwa kuwa tumetaja uzito, watengenezaji wengi wa pikapu hizi huweka kikomo cha kg 750 kwa tela lisilo na breki zake lenyewe. Zaidi ya hapo tela liwe na breki. Najua tunayoyaona barabarani, lakini kikomo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya barabara za wengine.

Hatua ya tatu: hamisha mzigo

Hii ndiyo hatua isiyo na gharama na yenye faida kubwa kuliko zote zitakazofuata, na ndiyo inayorukwa.

Ukisogeza kitu ndani ya tela kuelekea nyuma, uzito wa mkono hupungua kwa kiasi unachoweza kukijua kabla hujatoka jasho: zidisha uzito wa kitu kwa umbali uliokisogeza, kisha gawanya kwa umbali wa kutoka ekseli ya tela hadi kwenye boli. Tela langu lilikuwa na mita 3 kati ya ekseli na boli. Jenereta ya kg 450 ikisogezwa sm 80 inapunguza 450 mara 0.8 gawanya kwa 3, yaani kg 120. Mkono ukabaki na kg 170, ambazo ni asilimia 13 ya tela zima. Tulitumia mabomba matatu kama magogo ya kuviringishia, vijana wanne, na dakika ishirini. Nilipopima tena, nyuma ilikuwa imeshuka sm 5 badala ya 8, na mbele ilikuwa imepanda nusu sentimita tu. Hakuna springi iliyoguswa.

Vitu vizito vikae juu ya ekseli ya tela au mbele yake kidogo, vile vyepesi viende kwenye ncha. Usijaribu kusawazisha kwa kuweka kizito kimoja mbele kabisa na kingine nyuma kabisa. Mizani ya mkono inaweza kusoma vizuri, lakini tela lenye uzito kwenye ncha zake likianza kuyumba halitulii upesi. Baada ya kusogeza, funga upya kwa mikanda ya racheti, kwa sababu jenereta iliyotelezea mbele kwenye mteremko inakurudisha pale ulipoanzia.

Maji yana tabia yake. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 1,000 lina tani nzima, na likiwa nusu maji hukimbilia mbele kila ukishika breki na kurudi nyuma ukiondoka. Safiri nalo likiwa limejaa au likiwa tupu. Kwa wenzetu wa pwani wanaovuta boti, tatizo huwa kinyume: injini iko nyuma kabisa, mkono unakuwa mwepesi mno, na tiba ni kusogeza kile kiguzo cha winchi ili boti yote iende mbele.

Usiisahau bodi ya pikapu. Sanduku la zana lililo mlangoni mwa bodi liko nyuma ya ekseli kama lilivyo tela, nalo linabonyeza kwa kanuni ileile. Lisukume ligusane na kabini.

Hatua ya nne: kagua springi zilizopo

Ikiwa uzito wa mkono uko sawa na bado gari linachuchumaa kupita kiasi, sasa una haki ya kuzishuku springi. Ingia chini ya gari, likiwa tupu na limewekewa stendi, ukiwa na tochi na brashi ya waya. Safisha ukingo wa kila jani na utafute ufa, hasa karibu na katikati pale senta bolti, inayoyashika majani pamoja, inapopita na kwenye kona ya jicho. Ufa wenye kutu ndani ni wa zamani. Ung'aao ni wa juzi. Angalia kama senta bolti imekatika, jambo linalojionyesha kwa ekseli kusogea upande mmoja na gari kutembea kama kaa. Tikisa shekeli, kile kiungo kinachoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi, kwa pau ya chuma: bushi zilizoliwa hufanya springi ipige kelele na kushuka milimita kadhaa bila sababu nyingine.

Kisha tazama upinde. Springi nzima ya pikapu tupu huonekana imejikunja kidogo kuelekea juu kwenye ncha zake. Ikiwa imenyooka kama rula wakati gari halina kitu, imechoka kweli, na hapo utakutana na swali la kuipiga upya au kununua nyingine.

Mafundi wa mtaa wa Gerezani jijini Dar es Salaam, kama wenzao wa mitaa ya vipuri ya Nairobi, wanaweza kuirudishia springi upinde wake kwa nyundo, na kazi hiyo si ya kudharau. Shida inakuja jani linapowekwa kwenye moto wa mkaa hadi likawa jekundu, likakunjwa, likaachwa lipoe lenyewe. Chuma cha springi kilipata ukakamavu wake kiwandani kwa kupashwa moto, kupozwa ghafla na kupashwa tena kwa kipimo. Moto usio na kipimo huufuta ukakamavu huo, na baada ya miezi michache jani linalala tena au linakatika. Muulize fundi kabla: ataipiga ikiwa baridi au kwa moto, na kama ni kwa moto, atairudishia vipi ugumu wake? Asipokuwa na jibu, nunua seti, na ununue ya pande zote mbili. Yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya, kwani za zamani zimekwishavutika, na zikazwe tena baada ya kilomita mia chache za kwanza za kubeba mzigo.

Shokapu hazimo katika hesabu hii. Kazi yake ni kutuliza mdundo wa springi, hazibebi gari. Ukiambiwa ubadilishe shokapu ili gari linyanyuke nyuma, shukuru na uondoke.

Hatua ya tano: msaada wa ziada, kwa anayeuhitaji

Anayevuta mara kwa mara, mzigo ukiwa umepangwa vizuri na springi zikiwa nzima, anaweza kuongeza msaada. Chaguo ninalolipenda ni jani la chini lililonyooka, ambalo halishiki kitu gari likiwa tupu na huanza kubeba springi zinapokuwa zimeshuka kiasi. Jani la kawaida lililopindwa na kupangwa pamoja na mengine hufanya kazi muda wote, kwa hiyo gari tupu linakuwa gumu na kurukaruka kwenye rasta za barabara ya changarawe. Raba nene za kusaidia, zinazofungwa mahali pa raba ya kikomo, ni rahisi, hazivuji, na hazihitaji kuangaliwa.

Mifuko ya hewa ina wapenzi wengi kwa sababu inarekebishika kwa pampu. Ifungwe na fundi anayeijua, isiachwe bila upepo hata gari likiwa tupu maana hubanwa na kutoboka, na isijazwe kupita alama ya mtengenezaji. Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hatalisema. Springi ya majani hukabidhi mzigo kwenye chesisi katika sehemu mbili, hanga ya mbele na ya nyuma, zilizo mbali moja na nyingine. Mfuko hukabidhi sehemu kubwa ya mzigo huo mahali pamoja, juu ya ekseli. Ukiujaza sana, ukaning'iniza tela zito nyuma, ukapita kwa kasi kwenye barabara yenye mawimbi, chesisi ya pikapu ya kabini mbili inaweza kupinda nyuma tu ya kabini, na pikapu nyingi zimepinda hivyo.

Kabla ya kuongeza chochote kinachonyanyua, lala chini uangalie juu ya ekseli ya nyuma kama kuna fimbo nyembamba ya chuma inayounganisha ekseli na valvu ndogo iliyo kwenye chesisi. Hilux nyingi za zamani zinayo, na pikapu nyingine pia. Valvu hiyo husoma mzigo kwa kuangalia chesisi imeshuka kiasi gani: ikishuka, inaruhusu nguvu zaidi ya breki za nyuma. Ukiinyanyua nyuma kwa jani jipya au kwa mifuko, valvu inaamini gari ni tupu na inazinyima breki za nyuma nguvu wakati ule ule unapozihitaji. Fimbo hiyo ina sehemu ya kurekebisha, na irekebishwe siku ileile springi zinapobadilishwa. Jani nililoongezewa mimi lilikaa mwaka mzima kabla sijalijua hili, na fundi hakulitaja.

Vipo pia viungio vyenye fito za springi zinazorudisha sehemu ya uzito wa mkono kwenye magurudumu ya mbele ya gari na kwenye ekseli ya tela, vinavyotumika sana Marekani. Huku kwetu ni adimu, vinataka kiungio na chesisi vinavyovihimili, na kwa kawaida havifungwi kwenye tela lenye breki za kusukumwa (zinazoshika tela linapolisukuma gari) bila idhini ya mtengenezaji wa breki hizo.

Kabla ya kuondoka

Tela likiwa limeunganishwa, mkono wake uwe sawasawa na ardhi au umeinama mbele kidogo sana. Ukiwa umepanda au umezama, badilisha kimo cha boli, kwa kuwa kubadilisha springi ili kusawazisha tela ni kuanzia mwisho.

Matairi ya nyuma yajazwe asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kipimo cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Lebo nyingi hutumia kPa. Kila kPa 100 ni takriban psi 14.5. Shusha taa kwa ile swichi ya kimo kama gari lako linayo, kisha uzielekeze ukutani kutoka mita tano hivi uone mstari wa mwanga umekaa wapi ukilinganisha na gari likiwa tupu.

Barabarani, mtihani wa kwanza ni matuta. Yapande polepole na wima, usiyachukue kimshazari, na sikiliza: mkwaruzo wa chuma ni kiungio kinachogusa lami, mgoto mzito ni ekseli iliyofika kwenye chesisi. Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ulionyooka na uache mwendo ushuke wenyewe; anayekanyaga breki za gari kwa nguvu au kuongeza mwendo ili alivute linyooke hulifanya liyumbe zaidi.

Baada ya kilomita 30 au 40 simama mahali pa usalama. Gusa vitovu vya magurudumu ya tela kwa nyuma ya kiganja, vuta kila mkanda, angalia kikombe cha mkono kama kimefunga juu ya boli na minyororo kama haiburuzi. Kisha toa futi upime tena nyuma na mbele. Mimi nilisimama Msata na nikakuta nyuma imeshuka sentimita moja zaidi: mifuko miwili ya saruji ilikuwa imeteleza mbele kwenye mteremko, na tuliirudisha mahali pake kabla ya kuvuka Wami.